EKRANI NYEUSI SI ORDINATERE ILIYOKUFA
Somo juu ya kuweka madirisha ya X katika Linux



Katika mwezi wa pili wa mwaka huu wa masomo, siku ya tano jioni, ordinatere kubwa ya chumba cha informatiki ilikataa kutupokea. Tuliandika jina, tukaandika neno la siri, ekrani ikawa nyeusi kidogo sawa jicho linalopepesa, kisha ikaturudisha palepale mlangoni: andika jina, andika neno la siri. Tukarudilia mara tano. Palepale. Mmoja wetu akasema: «Njo basi, imekufa.» Mwingine akasema ni virusi. Siku ya posho fundi mmoja wa mjini alikuja kuangalia, naye akasema dawa iko moja tu, kufuta yote na kuanza upya.

Kufuta yote! Ndani ya ordinatere ile mulikuwa maneno ya nyimbo za korali, za Kiswahili na za Kitabwa, ambayo wakubwa wetu waliyaandika kwa miaka. Mulikuwa pia maulizo ya Egzameni ya Taifa, ambayo sisi wafinalisti tuliyapiga jioni kwa jioni, kila mara umeme ulipotuhurumia. Kopi haikuwa. Tukamwomba Bwana Prefe atupe siku tatu mbele ya kufuta. Siku ya tatu tukaona ya kwamba ordinatere haikufa hata kidogo, na tena ya kwamba ugonjwa wake tuliuleta sisi wenyewe.

Tutaeleza namna gani tuliuleta. Lakini kwanza inafaa tujifunze jinsi picha inavyofika kwenye ekrani, juu mwenye kujua hilo hataogopa tena ekrani nyeusi.

1. PICHA ILIKUJA NYUMA

Ordinatere zetu zinatumika na Linux, aina inayoitwa Debian. Linux ni ya ukoo wa Unix. Unix ilianzishwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell, Marekani, na Ken Thompson pamoja na Dennis Ritchie. Linux yenyewe ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland. Debian ilifuata mwaka 1993.

Katika ukoo huu picha si mwili wa mashine. Mashine inaweza kuwaka, kuhesabu, kulinda faili na kupokea watu kwa maandishi matupu, herufi nyeupe juu ya weusi. Picha, madirisha na rangi ni programu zinazowekwa juu yake, sawa nguo juu ya mtu. Nguo ikipasuka, mtu hajafa. Wengi wetu tulijifunza kwanza juu ya Windows, ambamo mashine na picha zinaonekana kama kitu kimoja, na kwa hiyo tunapoona maandishi matupu tunaanza kulia msiba.

Programu inayochora picha katika ukoo wa Unix inaitwa X. Ilianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, ndani ya kazi iliyoitwa Athena. Chuo kile kilikuwa na ordinatere za viwanda mbalimbali, na Robert Scheifler pamoja na Jim Gettys walitaka programu moja iweze kuonyesha madirisha yake kwenye ekrani ya yoyote kati ya hizo. Kabla yake kulikuwa programu iliyoitwa W. Katika alfabeti, herufi inayofuata W ni X, na jina likatoka hapo. Mwaka 1987 ilitoka namna ya 11, na mpaka leo tunatumia hiyo namna ya 11, ingawa imeshonwa viraka vingi. Kwa hiyo mukiona mahali wameandika X11, mujue ni yeye.

2. MWENYE CHAKI

Tuchukue mfano wa darasa letu. Fikiri kuna ubao mmoja na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kushika chaki. Wanafunzi wengine wakitaka kitu kiandikwe, wanamwomba: «Andika hapa. Chora mstari pale.» Yeye anaandika. Tena mtu akigonga meza au akinyosha kidole, ni yeye anayeona na kumwambia anayehusika.

X ni yule mwenye chaki. Anashika ekrani, klavye na kipanya. Programu zote, ya kuandika barua, ya hesabu, ya kuangalia picha, ni wanafunzi wanaomwomba. Hakuna hata moja inayogusa ubao yenyewe.

Lakini mwenye chaki hajui utaratibu. Mukimwacha peke yake, madirisha yatalaliana moja juu ya lingine bila kichwa wala kifungo cha kufunga. Kwa hiyo kuna kapita wa darasa, anayesema dirisha gani likae mbele, gani nyuma, gani liwe kubwa. Huyu ni mpanga madirisha. Xfce, tunayoitumia sisi, iko na mpanga madirisha wake ndani.

Mwisho kuna mlinzi wa mlango. Ni yeye anayeuliza jina na neno la siri, kisha anakukabidhi kwa wale wengine. Kwetu anaitwa LightDM.

Na chini ya hao wote kuna kiini cha Linux, ambacho ni jengo lenyewe la shule. Mwenye chaki akiugua, jengo halianguki, na somo linaweza kuendelea kwa mdomo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya mwili ulio na viungo vingi, kila kimoja na kazi yake. Anayetaka kuponya anauliza kwanza ni kiungo gani kinachouma. Hakati mtu mzima.

3. KUWEKA PICHA JUU YA MASHINE TUPU

Mashine yetu ya pili ilikuwa na Debian ya maandishi matupu, bila picha. Tuliiweka hivi. Andikeni katika madaftari yenu.

(a) Kupima. Muulize kwanza mashine iko na nguvu gani:

lscpu
free -h
df -h

Amri ya kwanza inaonyesha aina ya mashine, ya pili kumbukumbu, ya tatu nafasi ya diski. Katika majibu ya lscpu muangalie kama imeandikwa 64-bit. Ikiwa ni 32-bit tu, mujue ya kwamba Debian 13, iliyotoka mwezi wa 8 mwaka 2025, haina tena njia ya kuiweka upya juu ya mashine za namna hiyo. Debian 12 ya mwaka 2023 bado ilikuwa nayo. Mashine yenye kumbukumbu kidogo musiivike nguo nzito. Xfce ni nyepesi, na IceWM ni nyepesi kuipita.

(b) Kuleta programu. Wenye intaneti wanavuta moja kwa moja. Sisi hapa Kalemie, ambao megabaiti tunazinunua kwa kuhesabu, tulitumia sahani ya kwanza ya DVD ya Debian. Mutie sahani, kisha:

sudo apt-cdrom add
sudo apt install xorg xfce4 lightdm

Neno sudo maana yake ni kufanya kazi kwa mamlaka ya mkubwa. Kama mashine inakataa sudo, andika kwanza «su -» pamoja na neno la siri la mkubwa. Katika amri ya pili, xorg ni mwenye chaki, xfce4 ni kapita na vyombo vyake, lightdm ni mlinzi wa mlango. Zamani mtu alipaswa kuandika faili refu la kueleza ekrani na karata ya picha. Siku hizi X inajitafutia yenyewe, na mara nyingi faili hilo halihitajiki.

(c) Kujaribu bila mlinzi. Kabla ya kumweka mlinzi kazini mukiwa na mashaka, mujaribu kwa mkono. Mukiwa watumiaji wa kawaida, andikeni:

echo "exec startxfce4" > ~/.xinitrc
startx

Angalia sana: startx haiandikwi na sudo mbele. Ukifanya hivyo, faili dogo linaloitwa .Xauthority, ambalo ni ufunguo wako wa ekrani, linaweza kuwa mali ya mkubwa, na kesho mlinzi atakuzuia mlangoni katika nyumba yako mwenyewe. Likiwapata, dawa ni kulirudisha kwa mwenyewe (mahali pa «jina» muweke jina la mtumiaji):

sudo chown jina:jina /home/jina/.Xauthority

(d) Kusoma daftari la X. Kama picha inakataa, X anaandika sababu. Daftari lake liko /var/log/Xorg.0.log, au kama ulianza kwa startx, liko ndani ya nyumba yako, .local/share/xorg/Xorg.0.log. Musilisome lote, ni refu. Tafuteni makosa tu:

grep "(EE)" /var/log/Xorg.0.log

EE ni kosa, WW ni onyo, II ni habari tu. Wengi wanaona WW wanakimbia. Onyo halikuui.

(e) Ukubwa wa picha. Ekrani zetu za zamani hazikubali kila ukubwa. Andika xrandr ndani ya dirisha la amri, nayo itakuonyesha majina na vipimo vinavyowezekana. Kisha uchague, kwa mfano:

xrandr --output VGA-1 --mode 1024x768

4. KLAVYE INAYOTUDANGANYA

Kosa hili limefanya wengi walie bure. Klavye zetu ni za Kifaransa, AZERTY. Mashine ikiwekwa bila kuambiwa, inaweza kufikiri klavye ni ya Kiingereza, QWERTY. Mukipiga neno kalemie, mashine inapokea kqle;ie. Kwa kuwa neno la siri halionekani, mutaapa mbele ya wazee ya kwamba mumeandika vizuri, na mashine itaapa ya kwamba mumekosea, na wote wawili mutakuwa mumesema kweli.

Njia ya kupima: muandike neno hilo mahali pa jina, panapoonekana. Njia ya kuponya kwa muda, ndani ya madirisha:

setxkbmap fr

Njia ya kudumu ni kufungua faili /etc/default/keyboard na kuandika XKBLAYOUT="fr". Tena mujue jambo la kufurahisha: katika orodha ya klavye za X, inchi yetu iko na alama yake, cd, kwa ajili ya Kongo. Tanzania iko na tz na Kenya iko na ke. Kiswahili nacho kimeingia zamani katika programu hizi. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Kwa hiyo tusiseme ya kwamba mambo haya ni ya wageni peke yao.

5. UGONJWA WETU NA DAWA YAKE

Sasa turudi kwa ordinatere kubwa. Siku ya kwanza ya ile ruhusa tulifanya paka kubishana. Siku ya pili umeme wa Bendera haukufika mjini mpaka usiku. Siku ya tatu tukaketi, tukajiuliza sawa tulivyofundishwa: ni kiungo gani kinachouma?

Mlinzi wa mlango alikuwa akionekana na kuuliza jina. Kwa hiyo mwenye chaki alikuwa mzima, juu asingekuwa mzima hata mlango tusingeuona. Neno la siri lilikubaliwa, juu mtu akikosea mlinzi anasema wazi umekosea. Basi ugonjwa ulikuwa nyuma ya mlango, kati ya kukubaliwa na kuingia.

Tukabonyeza pamoja Ctrl, Alt na F2. Ekrani ikawa ya maandishi, ikauliza jina. Tukaingia bila shida. Wenzetu waliokuwa nyuma wakapiga kelele ya furaha, juu mashine waliyoizika ilikuwa inasema nasi! Tukaandika df -h. Mbele ya /home, sehemu ambamo nyumba za watumiaji wote zimo, tukasoma: 100%.

Diski ilijaa. Mtu anapoingia, mashine inapaswa kuandika vifaili vidogo ndani ya nyumba yake, pamoja na ule ufunguo .Xauthority. Ikikosa mahali pa kuandika hata mstari mmoja, inamrudisha mlangoni. Haikuwa virusi wala kifo.

Kabla ya kugusa chochote tuliokoa kazi za watu. Tukatia flashi, tukaandika lsblk ili kujua jina lake, kisha:

sudo mount /dev/sdb1 /mnt
sudo cp -r /home/korali /mnt/
sudo umount /mnt

Wenye kufanya hivi kesho waangalie vizuri jina la flashi yao, juu linaweza kuwa lingine. Tukafanya vilevile kwa maulizo ya wafinalisti. Hapo mioyo ikatulia, juu hata kama tungekosea nyuma, nyimbo zilikuwa mfukoni.

Kisha tukauliza nani amejaza nyumba:

sudo du -sh /home/*

Jibu likatupa haya. Korali ilikuwa na kidogo sana. Maulizo ya wafinalisti, kidogo sana. Nyumba ya «wanafunzi» ilikuwa imekula karibu yote: filme za mapigano na za mpira, zilizoletwa na flashi kutoka mjini, zingine mara mbili na mara tatu.

Nani alifungua mlango wa chumba ili ziingie? Ufunguo ulikuwa mikononi mwetu, sisi tuliowekwa kuchunga wengine. Jioni kadhaa tulifungua, tukaangalia pamoja nao, tukasema ni kidogo tu. Hatukumdanganya Bwana Prefe. Tulimwambia mambo yote kesho yake asubuhi, naye alitupatia azabu tuliyostahili, na ufunguo akauchukua kwa majuma mawili. Tunaandika hapa ili mujue ya kwamba fundi wa mjini angefuta kazi za wakubwa wetu ili kuponya kosa letu, nasi kama tungenyamaza tungemwacha afanye.

Tukafuta filme, tukaandika:

sudo systemctl restart lightdm

Mlinzi akaja, tukaandika jina na neno la siri. Madirisha yakafunguka.

6. MANENO MAWILI YA ZIADA

La kwanza. Mwenye chaki na wanafunzi wake hawalazimiki kuwa katika chumba kimoja. Mashine dhaifu ikifungwa kwa kamba ya mtandao na mashine yenye nguvu, ambayo imewekwa programu ya kupokea ssh, mukaandika ssh -X pamoja na jina la mtumiaji na la mashine ile, programu itatumika kule na dirisha lake litaonekana hapa. Intaneti haihitajiki, kamba tu. Kwa njia hiyo mashine moja nzuri inaweza kusaidia zile za zamani.

La pili. Mutasikia jina Wayland. Ilianzishwa mwaka 2008 na Kristian Høgsberg. Katika Wayland mwenye chaki na kapita ni mtu mmoja, ili maneno yasipite kwa midomo miwili. Debian yenye madirisha ya GNOME inaitumia tangu mwaka 2019. Sisi na Xfce yetu tunaendelea na X, na mashine zetu hazilalamiki.

7. SHERIA TULIZOJIWEKEA

Moja: kila siku ya posho mmoja wetu anaandika df -h na kuonyesha majibu kwa mwalimu wa informatiki. Mbili: nyimbo na maulizo ziko katika flashi mbili, moja inalala kwa ofisi. Tatu: hakuna kuzima kwa kuvuta kamba, muandike sudo poweroff. Umeme wenyewe unatukatia vya kutosha, tusiusaidie. Ine: hakuna anayefuta diski kabla watu wawili hawajaingia kwa maandishi na kusoma daftari la makosa.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Mlinzi anasema neno la siri ni baya, lakini wewe una hakika ni zuri. Utapima kitu gani kwanza?
2. Mlango haionekani kabisa, ekrani ni nyeusi, lakini Ctrl, Alt na F2 zinakupa maandishi. Nani anaugua: jengo, mwenye chaki, au mlinzi? Utasoma daftari gani?
3. Kwa nini tuliokoa faili kabla ya kutafuta aliyejaza diski?
4. Kwa nini startx haiandikwi na sudo?

Majibu muyalete chumba cha informatiki siku ya posho, kisha ya kufagia. Ufunguo tumerudishiwa, nasi tunauchunga kweli sasa. Wa darasa la chini waje pia. Sisi tunamaliza mwaka huu, na ordinatere zinabaki kwenu pamoja na nyimbo zilizo ndani.

Mubaki na amani.